Kabla Hujanunua Nyumba, Iulize Mvua

Ndugu msomaji, huenda mwaka huu wewe na mwenzako mmeweka akiba. Pengine mmeuza tumbaku au pamba, pengine kahawa, pengine ng'ombe wawili watatu. Sasa watoto wamekuwa wengi, nyumba ya zamani imechoka, na mnatafuta nyumba ya kununua: yenye bati, yenye uwanja, karibu na shule. Nia yenu ni njema kabisa. Lakini kabla hujahesabu noti mbele ya mtu, keti kidogo usome habari hizi. Fedha ya nyumba haipatikani mara mbili kwa urahisi.

Nina jirani mmoja, mkulima wa tumbaku huku kwetu mkoa wa Tabora. Alijinyima misimu mitatu. Alipolipwa mwezi wa Agosti, aliona nyumba ya matofali ya kuchoma kandokando ya njia, vyumba vinne, imepigwa chokaa nyeupe inang'aa. Kiwanja kilikuwa tambarare kama meza. Mwenyewe alitaka fedha upesi, akapunguza bei. Mke wa jirani yangu alitazama uwanjani akauliza neno moja tu: "Maji ya mvua yanapita wapi hapa?" Mumewe akamwambia anyamaze, wasije wakamchukiza mwenye nyumba. Wakanunua.

Mwezi wa Januari mvua ilishika. Uwanja ule uligeuka ziwa. Maji yaliingia mlangoni, magunia ya mahindi yakalowa, watoto wakalala juu ya meza. Mwezi wa Machi kuta zilianza kupasuka. Kumbe nyumba ilijengwa pembeni mwa mbuga, juu ya udongo mweusi, na chokaa ile nyeupe ilikuwa imepakwa ili kuficha nyufa za miaka iliyopita. Ndiyo maana wazee walisema: nyumba usiyolala ndani, hujui ila yake.

Basi twende pole pole, jambo moja moja.

MVUA NA KIANGAZI

Wengi wetu hununua nyumba wakati wa kiangazi, kwa sababu ndipo fedha ya mazao inapopatikana. Lakini wakati huo kila nyumba ni nzuri. Ardhi imekauka, njia inapitika, hakuna bati linalovuja. Kwa hiyo, ikiwezekana, iangalie nyumba mara mbili: mara moja mwezi wa Oktoba, maji yanapokuwa haba kuliko wakati wote, na mara ya pili mvua inapokuwa kubwa. Oktoba itakuambia habari za kisima. Februari itakuambia habari za bati, msingi na uwanja.

Kama huwezi kungoja mpaka mvua, tafuta alama zake. Tazama ukuta wa nje, chini: je, kuna mstari wa matope uliokauka? Je, tofali za chini zimelika kama zilizotafunwa? Tazama udongo. Ukiwa mweusi, mzito, nao umepasuka mipasuko mipana wakati wa jua, huo ni udongo wa mbuga. Unafaa sana kwa mpunga, haufai kwa nyumba yenye msingi mfupi. Wakati wa mvua hunywa maji ukavimba, wakati wa jua hunywea ukapasuka, na kila mwaka huinyanyua nyumba na kuishusha. Hakuna ukuta wa kawaida utakaovumilia mchezo huo.

Nyufa nazo si sawa zote. Ufa mwembamba kama uzi, ulio kwenye lipu tu, si jambo kubwa. Lakini ufa unaopanda kama ngazi kufuata viungo vya matofali, au unaoanzia pembe ya dirisha ukaenda mshazari mpaka chini, huo watoka kwenye msingi. Ukiona nyumba ya zamani imepakwa rangi mpya wiki ile ile inapouzwa, usifurahi upesi. Uliza kwa upole kwa nini imepakwa.

Ingia ndani, uinue macho. Gonga kenchi na miimo ya milango kwa kisu au kwa kijiti. Mti mzima hulia kwa ukavu. Mti ulioliwa na mchwa hulia kama kibuyu kitupu. Tafuta vijia vya udongo vinavyopanda ukutani, maana hiyo ndiyo barabara ya mchwa. Uliza bati ni la geji gani, na ukumbuke kwamba namba ikiwa kubwa bati huwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko geji 32. Kisha simama katikati ya chumba mchana, funga mlango na madirisha, utazame juu. Kila tundu linalopitisha jua litapitisha na mvua.

Kama hujui mambo haya, mlipe fundi unayemwamini aende nawe. Lakini asiwe fundi aliyeletwa na mwuzaji.

MAMA ATAKAPOCHOTA MAJI

Wewe baba, nakuomba usiende peke yako kuangalia nyumba. Nenda na mkeo, tena mpe nafasi ya kusema. Mara nyingi mwanamume huangalia bati na bei; mwanamke huangalia jiko, choo, kuni na maji. Hayo ndiyo maisha ya kila siku.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme kisima ni mbali kidogo, kwenda na kurudi ni dakika 40, na nyumba inahitaji safari tatu kwa siku. Hizo ni saa 2 kila siku. Kwa mwaka mzima ni saa 730, yaani zaidi ya siku 30 za usiku na mchana, mtu yumo njiani tu na ndoo ya lita 20 kichwani, na ndoo hiyo yapata kilo 20. Nyumba iliyopunguzwa bei kwa sababu ya maji, bei iliyopunguzwa utailipa kila siku kwa shingo ya mkeo na ya binti zako.

Kwa hiyo nendeni kisimani wenyewe. Nendeni alfajiri, mkute akina mama wamepanga ndoo. Waulizeni: Maji haya hukauka mwezi gani? Mnangoja foleni muda gani? Yana chumvi? Wao hawana nyumba ya kuuza, watawaambieni kweli. Kama kisima ni cha uwanjani, pima hatua mpaka kwenye choo, cha nyumba hiyo na cha jirani. Mabwana afya hushauri kisima na choo viachane angalau mita 30, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko, uchafu usije ukashuka kwenye maji.

Vivyo hivyo pimeni njia ya watoto mpaka shuleni. Msiulize tu "ni mbali?" Tembeeni. Je, kuna mto katikati? Una daraja? Na zahanati, mtu akizidiwa usiku, atafikishwaje? Na kanisani siku ya Jumapili, bibi mzee wa nyumbani ataweza kufika kwa miguu?

MAJIRANI

Ukuta ukipasuka waweza kuziba. Jirani mbaya huwezi kumziba. Mle unamonunua ndimo watakamokua watoto wako, nao watacheza na watoto wa pale na kujifunza maneno ya pale.

Pita hapo siku ya kazi, pita na siku ya mapumziko jioni. Nyumba iliyo kimya asubuhi huenda ikawa jirani na kilabu cha pombe kinachokesha. Huenda mashine ya kusaga hunguruma ukutani kutwa. Huenda uwanja ule ni njia ya ng'ombe kwenda malamboni tangu zamani, na wachungaji hawatauliza kama nyumba imepata mwenyeji mpya.

Tena majirani ndio wanaojua mipaka. Mwuzaji akuonyeshapo, "Kutoka mwembe ule mpaka minyaa ile," usitikise kichwa tu. Waite majirani wa pande zote nne, mzunguke pamoja kwa miguu, kila mmoja aseme kwa kinywa chake, "Ndiyo, hapa ndipo." Jirani akikataa kuja, au akija na kununa, hapo pana neno. Lijue neno hilo kabla ya kulipa.

Sehemu nyingi za nchi yetu zina habari ndefu. Katika Operesheni Vijiji, miaka ya 1973 mpaka 1976, watu wengi walihamishwa kutoka makwao wakapewa sehemu mpya. Walioacha mahame yao wana watoto na wajukuu, na baadhi yao hurudi wakisema, "Hapa palikuwa pa babu." Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyaweka wazi mambo hayo: ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya Januari 1970 na Desemba 1977. Hata hivyo, ni afadhali ulijue shauri kabla halijaanza kuliko kulishinda likiisha. Waulize wazee wa mahali, mwembe huu ulipandwa na nani.

NYUMBA NI YA NANI?

Hapa wengi ndipo wanapoangamia, hata wenye akili.

Nalimfahamu mwalimu mmoja aliyenunua nyumba nzuri sana. Mwuzaji aliandika karatasi, mashahidi wawili wakatia saini, fedha ikalipwa yote. Miezi minne ikapita. Siku moja mchana alifika mwanamke na watoto watatu na mizigo, akasimama uwanjani akitazama mapazia asiyoyajua. Alikuwa mke wa mwuzaji. Alikuwa amekwenda kwao kumwuguza mama yake. Hakuambiwa neno. Mwalimu alipandwa na hasira, lakini alipowatazama wale watoto alinyamaza. Shauri lilikwenda barazani, likachukua miaka, na mwishowe mwalimu alitoka katika nyumba. Fedha yake anaidai kwa mtu ambaye hajulikani aliko.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa, kuiweka rehani au kuitoa zawadi bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo, mwuzaji akiwa na mke au mume, sharti umwone mwenzake huyo, umsikie akikubali, naye atie saini. Usiridhike kuambiwa, "Mke wangu anajua." Mwulize mwenyewe. Ukiambiwa amesafiri, ngoja arudi. Jambo hili si la sheria tu. Je, wewe utalala usingizi mwema katika nyumba ambayo mama mwingine amefukuzwa na watoto wake?

Kama nyumba ni ya urithi, mambo ni hayo hayo, pengine magumu zaidi. Mtoto mmoja wa marehemu hawezi kuuza kilicho cha wote kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Uliza nani ni msimamizi wa mirathi, na uone barua ya mahakama iliyomweka. Kisha kutana na ndugu wengine, hasa dada zao, maana wao husahauliwa mara kwa mara. Sheria ile ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Ukinunua kijijini, ujue tena kwamba ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Kumhamishia mtu haki ya kimila ya ardhi ni jambo la kupata kibali cha Halmashauri hiyo. Angalia neno hili vizuri: Halmashauri, si Mwenyekiti peke yake. Wengi hupeleka karatasi kwa Mwenyekiti jioni, akapiga mhuri, wakadhani yamekwisha. Mhuri si kikao. Omba jambo lako liletwe kikaoni, liandikwe katika muhtasari, nawe upewe nakala. Mahakama zetu zimekwisha kubatilisha mauzo kwa sababu kibali hicho hakikupatikana. Kama mwuzaji anayo Hati ya Hakimiliki ya Kimila, linganisha jina lililoandikwa na jina la mtu aliye mbele yako.

Ukinunua mjini, kwenye kiwanja kilichopimwa, nenda na namba ya hati katika ofisi ya ardhi, ufanyiwe upekuzi katika daftari la Msajili wa Hati. Hapo utajua mwenye nyumba ni nani, na kama nyumba imewekwa rehani kwa mkopo. Mtu aweza kukuonyesha hati safi, kumbe ni nakala tu, na yenyewe imo kabatini benki.

Mwisho wa neno hili, pima umbali. Kwa barabara kuu na barabara za mkoa, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Nyumba zenye alama nyekundu ya X mmeziona wenyewe, na si wote wanaovunjiwa wanaolipwa. Kandokando ya mto, ziwa au bwawa, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Nyumba ya bei rahisi mno iliyo karibu na lami au karibu na maji, uliza kwanza kwa nini ni rahisi.

SIKU YA KULIPA

Mmekwisha kuridhika? Vema. Sasa fanyeni mambo hadharani.

Usilipe usiku. Usilipe njiani. Usimpe dalali fedha ya nyumba akakupelekee. Dalali umpe ujira wake tu, mambo yakiisha. Lipeni mbele ya viongozi, majirani wa mipaka, mwenzi wa mwuzaji na mkeo au mumeo. Fedha ikiwa nyingi, afadhali ipite benki, maana benki huandika.

Mkataba uandikwe kwa lugha mnayoielewa nyote. Uwe na majina kamili ya pande zote mbili, mahali nyumba ilipo, mipaka ya pande nne, vilivyomo vinavyouzwa pamoja, kama miti ya matunda na kisima, bei kwa tarakimu na kwa maneno, kiasi kilicholipwa siku hiyo na kilichobaki, na siku ambayo mwuzaji atahama. Kila mmoja atie saini au dole gumba. Wewe mnunuzi, jina la mkeo liwe pamoja na lako. Mmetafuta pamoja, mmiliki pamoja. Na siku moja ukiondoka duniani, hakuna ndugu atakayemwambia afungashe vyombo vyake. Nakala moja ihifadhiwe nyumbani, nyingine iwe kwa mtu mwaminifu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tena usimalize fedha yote katika bei. Acha kiasi cha mfereji wa maji ya mvua, cha bati mbili tatu, cha kufuli mpya. Ukinunua nyumba kwa shilingi yako ya mwisho, mvua ya kwanza itakukuta unakopa.

USIPOIPATA MWAKA HUU

Huenda utasema, "Mambo haya ni mengi, nikiyafuata yote nyumba itanunuliwa na mwingine." Naam, huenda ikawa hivyo. Mwuzaji mwenye haraka atakuambia kwamba kuna mtu mwingine anakuja kesho na fedha taslimu. Mwambie kwa heshima, "Basi, mpe yeye." Nyumba nzuri zipo nyingi, nayo akiba yako ni moja. Kungoja msimu mmoja katika nyumba ya kupanga, au katika nyumba ya nyasi ya zamani, ni taabu ndogo. Kulipa msimu mitatu kwa ajili ya dimbwi ni taabu kubwa.

Jirani yangu yule wa tumbaku alikaa miaka minne katika nyumba yake ya mbugani. Alichimba mifereji, akainua kizingiti, akaziba nyufa, nazo zikarudi. Mwishowe aliipangisha kwa bei ndogo kuwa ghala ya mpunga wakati wa kiangazi, akaanza kutafuta tena. Safari hii hakumwambia mkewe anyamaze. Walitazama nyumba tano. Ya nne ilikuwa nzuri machoni, lakini mama alikwenda kisimani alfajiri, akarudi akatikisa kichwa tu, wakaondoka.

Ya tano haina chokaa. Vyumba ni vitatu, si vinne, na bati lake lina kutu upande mmoja. Lakini imesimama juu ya mwinuko wa udongo mwekundu, mchanga mchanga, kisima ni jirani, na mipaka yake wazee wote wanaijua. Kabla ya kulipa waliomba wasubiri mvua. Mwezi wa Januari, siku ya mvua kubwa, walijifunika nailoni, wakaenda wote wawili wakasimama uwanjani wakitazama. Maji yalishuka mteremko, yakapita kando ya nyumba, yakaenda zake bondeni.

Mama akasema, "Hapa." Wakalipa wiki iliyofuata, mchana, mbele ya watu.